Kadi Kumi na Moja na Saa ya Mzee

4 Machi

Kaka, shikamoo.

Barua yangu ya Januari hukuijibu. Ya Februari umenijibu mistari mitatu, mikavu kama tangazo la kukatika maji. Hii nayo ukiikalia kimya nitajua umenisusa, nami nitakuja hapo dukani nikuaibishe mbele ya wateja. Unanijua.

Huku kwenye kamusi tumefika herufi S. Bosi wangu, huyu ninayemwita Miwani kwa sababu hushinda akitafuta miwani iliyo kichwani pake, alinigawia neno moja la Kiingereza, "second". Nikacheka. Nikasema hili si "-a pili" tu? Nitalimaliza kabla ya chai. Lo! Leo wiki ya pili bado niko nalo. Kila maana inataka kadi yake, na kadi zimefika saba. Anayefuata baada ya wa kwanza ana yake. Sekunde ya saa ina yake. Sahani unayoongezewa ukimaliza ya kwanza ina yake, na mtu kama wewe angeijua hiyo bila kamusi. Hata nguo iliyotoka kiwandani na kasoro, ikauzwa bei ya chini, wanaiita hivyo hivyo.

Sasa niambie wewe unayeishi na sekunde kwenye ncha za vidole. Kipande kidogo cha dakika kwa nini kiitwe "cha pili"? Cha kwanza kiko wapi? Miwani anasema nitafute kwenye vitabu. Mimi nimemwambia nina kaka.

La maana zaidi liko ndani ya kifurushi hiki. Ni saa ya mfukoni ya Mzee. Imesimama. Mama, tangu macho yalipoanza kufunga ukungu, hiyo ndiyo anayoitegemea. Mchana anaiweka sikioni, akiisikia anatulia. Daktari amesema atamfanyia upasuaji wa macho, tunangoja tarehe. Baada ya hapo atafungwa bandeji macho yote mawili, siku tatu. Mama ameapa kwamba bila saa hiyo haingii hospitali. Nimembembeleza mpaka nimechoka. "Haiingii, siingii," basi.

Kwa hiyo, Kaka, usiipange nyuma ya saa za watu. Msalimie sana wifi.

Mdogo wako,
Chiriku


17 Machi

Chiriku,

Marahaba. Sijakususa, kazi tu zimebana.

Swali lako Mzee alinijibu nikiwa na miaka kumi na tano, siku ile aliponiruhusu kufungua saa kwa mara ya kwanza. Alisema watu wa kale waliichukua saa nzima wakaikatakata vipande sitini. Hicho ndicho kipande kidogo cha kwanza, dakika. Wakaona haitoshi, wakaichukua dakika nayo wakaikata sitini. Hicho ni kipande kidogo cha mkato wa pili. Basi neno "kipande" likadondoka njiani na "cha pili" kikabaki. Mwambie Miwani akuandikie cheti, na mimi aniandikie changu.

Saa imefika salama. Nimeifungua mfuniko wa nyuma na nimekaa nayo muda mrefu. Unakumbuka sheria ya Mzee? Aliyefungua saa ndiye anayeandika alama yake na mwaka ndani ya mfuniko, kwa ncha ya sindano. Hujafungua, usiandike. Umefungua, usikimbie. Pembetatu zake zimejaa humo, na msalaba wangu mmoja wa ule mwaka wa kwanza. Kilichonisikitisha ni zile pembetatu nne za mwisho. Chini ya kila moja kuna mikwaruzo midogo. Maskini, naona mwishoni bisibisi ilianza kumteleza. Hakumwambia mtu. Mtu safi kama yule!

Mwambie Mama asiwe na wasiwasi. Saa hii nitaifanya mwenyewe, kwa mkono wangu, na alama yangu nitaiweka chini ya zake.

Wifi yako anakusalimu. Yuko hapa karibu.

Kaka yako,
Fundi


2 Aprili

Kaka, shikamoo.

Maelezo yako nimeyaandika kwenye kadi ya nne. Miwani ameyalinganisha na vitabu vyake vitatu, akakuta ni yale yale. Ameuliza kama huyo kaka yangu ni profesa. Nimemwambia ndiyo, wa misumari midogo.

Kadi zimefika tisa. Moja ni ya mkutanoni. Mtu anatoa hoja, na hoja haisogei mpaka mwingine anyooshe mkono kuiunga. Huyo anayeunga ndiye wanamwita kwa neno hili. Nyingine ni ya mtu anayemsindikiza mpiganaji, kama yule wa kwenye kona ya bondia, mwenye ndoo na taulo. Hapigani, lakini bila yeye bondia hana mahali pa kukalia.

Na asili yake je? Neno limetoka Kilatini, likapitia kwa Wafaransa, ndipo Waingereza wakalichukua. Mzizi wake ni kitenzi cha kufuata. Wa pili ni anayefuata, hakuna zaidi. Unajua kabla ya hapo Waingereza walikuwa wanasemaje? Walisema "mwingine". Wa kwanza na mwingine! Hata jina la peke yake hakuwa nalo. Nilipoisoma hiyo nilijisikia vibaya kidogo, mimi niliyezaliwa nyuma yako.

Tuliache hilo. Upasuaji wa Mama ni tarehe 20 Mei. Kila asubuhi ananiuliza, "Fundi amesemaje?" Leo ameuliza mara tatu. Nimemsomea barua yako yote, na nilipofika kwenye ile mikwaruzo alitabasamu peke yake. Nikamuuliza kulikoni, akasema nimletee chai.

Halafu kitu kingine. Mwandiko wako siku hizi umekuwa mzuri mno! Zamani barua zako zilikuwa kama kuku amepita kwenye matope. Umejiunga na shule ya jioni bila kuniambia?

Mdogo wako,
Chiriku


11 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Saa bado. Mshale wa sekunde una matatizo, kuna kipuri nakingoja. Saa ya umri ule si sufuria ya kuziba. Usinihimize, ukinihimiza naharibu.

Mwandiko ni kalamu mpya.

Mwambie Mama asichoke kungoja.

Kaka yako,
Fundi


22 Aprili

Kaka,

Salamu utanisamehe, leo sina.

Jana nilimpigia yule jirani yako wa duka la vioo nimuulize kama kuna kifurushi chochote cha kipuri kimefika. Nilijua wewe ungenipiga chenga. Akaniambia hujaagiza kipuri chochote, na saa za watu wengine zinatoka dukani kwako kila siku, zinatembea barabara. Saa za watu wengine! Ya mama yako ndiyo imekaa kwenye droo.

Nimefikiri sana, na nitasema kilicho moyoni hata kama kitakuchoma. Mzee alipofariki, ile saa hakukuachia wewe, alimwachia Mama. Wewe mtoto wa kwanza, wewe fundi, wewe mrithi wa kiti na meza na kibano, ukakosa saa. Siku ile uso wako niliuona. Nilidhani yameisha. Kumbe umeyafuga miaka yote, na sasa umepata pa kuyatolea.

Unajua nilishika sinia la vipuri nyuma yako kwa miaka sita? Mzee anakufundisha, mimi nimesimama, mkono unakufa ganzi, hairuhusiwi hata kipande kimoja kudondoka. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama na mimi natamani kushika kibano. Sikulalamika. Nilikuwa najivunia kuwa nyuma yako. Basi ndiyo inauma zaidi.

Zimebaki wiki nne. Mama hali chakula vizuri. Jana amenishika mkono akasema, "Kama mwanangu hataki, mwambie airudishe hivyo hivyo, nitaishika tu." Irudishe. Nitatafuta fundi mwingine huku.

Chiriku


27 Aprili

Wifi yangu mpendwa,

Mwandiko huu unaujua. Ndio huo uliousifu.

Barua zote za tangu mwaka jana nimeandika mimi. Kaka yako anasema, mimi naandika. Ile ya "kalamu mpya" niliiandika huku nimeuma mdomo. Leo yeye hajui kama nakuandikia. Amekwenda posta kuulizia njia ya kuirudisha saa, kama ulivyotaka. Alipomaliza kusoma barua yako aliikunja vizuri, akaitia mfukoni mwa shati, akakaa. Wifi, hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Mkono wake wa kulia unatetemeka. Ulianza Juni mwaka jana, kidole gumba tu, tukadhani ni uchovu. Sasa ni mkono mzima. Akibeba kikombe, chai inamwagika. Daktari amempa dawa, zinasaidia kidogo, lakini amesema wazi kwamba kazi ya saa ndogo aisahau. Alitoka pale akaniambia, "Umesikia nini? Mimi sijasikia kitu."

Saa za wateja nafanya mimi. Miaka kumi na minane nimekaa kwenye kile kistuli pembeni yake, nikianza na kuosha vipuri kwa petroli, kisha kuvipanga, kisha kuvirudisha. Mkono wangu ni mzuri, wifi, sijisifu. Yeye anakaa mbele anaongea na wateja, mikono ameificha chini ya meza. Lakini saa zinatoka bila alama. Ya kwake hawezi kuandika kwa sababu hakufungua. Ya kwangu hataki iandikwe, watu wasije wakajua. Mteja akiuliza anasema siku hizi si lazima.

Sasa saa ya Mzee. Hiyo hawezi kuitoa bila alama, wewe unamjua. Nilimwambia niifanye mimi, akasema, "Humo ndani kuna mkono wa baba yangu na mkono wangu. Nitaandika nini cha tatu?" Siku nne alijaribu mwenyewe, amefunga mlango wa duka. Siku ya nne mshale wa sekunde ulimruka kwenye kibano ukapotea. Nilimkuta amepiga magoti sakafuni, kidole chake kinatetemeka juu ya mbao, analia. Sijawahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa Mzee hakulia mbele yangu.

Mshale niliupata mimi asubuhi yake chini ya kabati, kwa tochi na kidole kilicholoweshwa. Nimeuficha kwenye kopo la sindano zangu. Saa ile naweza kuimaliza kwa mchana mmoja. Sitaigusa mpaka aniambie mwenyewe.

Usimwambie kama nimekuandikia. Au mwambie, nimechoka. Fanya unavyoona.

Wifi yako


3 Mei

Kaka, shikamoo. Wifi, habari zako. Barua hii ni yenu wote wawili, na Kaka, kabla hujamgeukia mkeo kwa ukali, soma mpaka mwisho.

Kwanza naomba radhi. Yale niliyoandika kuhusu kukosa saa yalikuwa maneno ya hovyo, ya mtu aliyeona upande mmoja. Nisamehe, Kaka. Nimelia sana. Ningekuwa hapo ningekushika huo mkono, utetemeke unavyotaka.

Pili, nilimsomea Mama barua ya wifi. Nilihangaika nusu siku nimsomee au nisimsomee, mwishowe nikapiga moyo konde. Nilidhani atavunjika. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kucheka. Kaka, Mama alicheka mpaka machozi! Nikasema nimemuua. Akaniambia maneno haya, nami nimeyaandika kwenye kadi ya ofisini hapo hapo, maana nilikuwa nayo mkononi:

"Mwambie huyo fundi wangu achukue lenzi yake atazame tena hiyo mikwaruzo. Tangu lini bisibisi ikateleza mara tatu, mikwaruzo ikalingana? Baba yake miaka minne ya mwisho haoni mbele ya pua yake. Nani alikuwa anaweka misumari ile midogo ya saa? Mimi. Mchana nyinyi mkiwa shule na kazini, mlango tumefunga, yeye ananielekeza kwa mdomo, mimi nafanya. Mkono wa cherehani ule. Nikimaliza, yeye anaweka pembetatu yake kwa sababu saa imefunguliwa kwa akili yake, halafu ananipa sindano. Nilimwambia mimi sina alama. Akasema, weka unachokijua. Nikaweka mishono mitatu. Kila saa aliyoitoa miaka ile ina mishono yangu, na hakuna mtu aliyewahi kuuliza. Saa ameniachia mimi kwa sababu niliitengeneza mimi."

Ndivyo alivyosema, neno kwa neno. Nikamuuliza kwa nini hukutuambia? Akasema, "Baba yenu alitaka kuwaambia. Kila mwaka alisema mwaka huu. Alikuwa na aibu, kama huyo." Kisha akaongeza, "Ile aibu ilimla kuliko macho. Usimwache mwanangu aliwe hivyo."

Kadi zangu zimefika kumi na moja na Miwani amesema inatosha. Ya kumi na moja ndiyo niliyotaka uione. Kwa Walatini, lile neno la kufuata walilitumia pia kwa upepo unaokuja nyuma ya chombo na kukisukuma. Kwa hiyo kwao "anayefuata" lilikuwa na maana ya heri vilevile, ya kitu kinachokwenda na wewe. Waingereza hawakuibeba hiyo maana, iliwadondoka njiani. Miwani alitaka niiache nje kwa sababu haitumiki leo. Nimegombana naye mpaka saa ya chakula, na nimeshinda. Itaingia.

Zimebaki siku kumi na saba. Sitakuhimiza.

Mdogo wako,
Chiriku


10 Mei

chiriku

barua hii nimeandika mimi. imenichukua siku tatu. usicheke kuku amerudi kwenye matope

nilichukua lenzi. mishono mitatu. mara nne. mimi fundi wa miaka thelathini nikaita mikwaruzo

nilimwambia wifi yako leta huo mshale najua unao. akautoa kwenye kopo hata hakuona haya. alikaa kwenye kiti cha mzee. mimi nilikaa kwenye kistuli nikamshikia taa kwa mkono wa kushoto. alipomaliza ilianza kutembea tukaiangalia wote

nikampa sindano. akasema sina alama. nikasema weka unachokijua. akaweka duara dogo

halafu akanipa mimi. nikakataa nikasema safari hii sijafungua mimi. akasema umenishikia taa. nimeweka msalaba wangu chini ya duara lake. umepinda sana. mwambie mama asione vibaya

saa za wateja kuanzia jana zinatoka na duara. jirani wa vioo ameuliza. nimemwambia ni fundi wetu

kaka


24 Mei

Kaka, shikamoo. Wifi, nakukumbatia.

Saa ilifika tarehe 18. Mama aliiweka sikioni akiwa bado amesimama mlangoni, mtu wa posta akamsubiri na karatasi yake ya kusaini. Aliingia hospitali bila ubishi, na wauguzi walimruhusu aishike mpaka dakika ya mwisho. Daktari anasema upasuaji umekwenda vizuri. Bandeji ilitolewa jana, amenitazama akasema nimenenepa. Basi anaona.

Lakini nataka niwaambie ya siku ya pili baada ya upasuaji, bado amefungwa macho yote. Aliniomba nimfungulie mfuniko wa nyuma. Nikamwambia, Mama, huoni kitu. Akasema fungua. Akaanza kupitisha ukucha wa kidole kidogo humo ndani, polepole, kama anavyopapasa upindo wa nguo. Akapita pembetatu za Mzee. Akapita mishono yake, akaguna. Akafika kwenye duara, akalizunguka mara mbili. "Msafi huyu," akasema. "Ana mkono kunishinda."

Kisha ukucha ukashuka chini ya duara, ukaingia kwenye ule msalaba, ukapinda nao, ukarudi, ukapinda tena. Hapo akatulia.

"Na huyu ni mwanangu," akasema, akaniomba nifunge mfuniko, akaishika saa kifuani mpaka wauguzi walipokuja na chakula.

Mdogo wenu,
Chiriku